Mjeledi Niliourukia Kamba

Mimi msomi nimekana miaka mingi, hata darasani, kwamba babu yangu, askari wa miguu wa enzi za Wabelgiji, aliwahi kumpiga mtu. Juzi niliona picha ya mjeledi wa ngozi ya kiboko, nikashtuka: ndio ule niliourukia kamba alasiri moja ya utotoni, uani kwetu Dilala. Ulinuka mawese, kwani babu aliupaka kila wiki. Aliponiona aliunyakua. Nilidhani anaogopa nitauchafua.

Nikampigia simu shangazi, binti wa babu.

“Tantine, babu alikuwa anachapa nani?”

“Basoda, baaskari benzake. Bazungu balimupatia ile kazi. Siku moya balimuletea mudogo yake.”

“Akakataa?”

“Alimuchapa, mama. Njo maana hakuitupa ile fimbo, kusudi asisahau.”