Majembe, Mawese na Utumbo wa Yaya

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa sababu napenda mno kueleza mambo. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya hapa Kasongo. Mgonjwa akiniuliza swali moja, ninampa majibu matatu. Mgonjwa mwenyewe safari hii alikuwa yaya, dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Kwa miezi mingi aliharisha damu, akakonda hadi vitenge vyake vikawa vinamzunguka mara mbili. Tulimpeleka Bukavu, wakamtazama utumbo kwa kamera, tukarudi na jina la ugonjwa: kolite yenye vidonda. Si amiba, si uchawi, wala hauambukizi. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku, akaanza kupata nafuu.

Kisha ikaja habari kutoka Kabambare: binti yake amejifungua mtoto wa kiume. Mjukuu wa kwanza! Kutoka kwetu mpaka kule ni siku nzima juu ya pikipiki, na ile barabara haina huruma. Yaya alitaka jambo moja tu: kufika na kumshika mtoto yule, bila tumbo kumshusha kwenye kila kilima.

"Unieleze basi," aliniambia. "Humu ndani iko nini inanikula?"

Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba akisafisha majembe baada ya mavuno ya mpunga. Kwetu jembe likimaliza kazi ya msimu hupakwa mawese, likaegemezwa ukutani, ili lisishike kutu. Nikaona mfano umejileta wenyewe. Nikamwambia kwamba hewa hii inayotupa uhai ndiyo inayokula chuma. Mwilini nako, oksijeni ikifanya kazi huacha chembe kali zinazoguguna chochote kilicho karibu. Mwili una vitu vyake vya kuzizima. Chembe zikivizidi nguvu, hiyo ndiyo hali ambayo vitabu vyetu vinaiita stresi oksidatifu, na ukuta wa utumbo unaumia. "Kama kutu," nikamaliza, nikijisifu moyoni.

Baada ya wiki mbili alikuja kituoni amejishika tumbo. Damu ilikuwa imerudi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya chungwa.

"Yaya, umekula nini?"

"Sijakula, nimekunywa. Kikombe cha mawese asubuhi, kikombe magaribi."

"Kwa nini?"

"Si ulisema utumbo wangu iko na kutu? Ninaupaka."

"Na vidonge?"

"Uliona wapi mutu anapaka jembe dawa ya hospitali?"

Mwenzangu aliyekuwa akimpima mzee mmoja presha aligeukia ukuta, mabega yakitikisika. Nilicheka pia, halafu nikaona aibu. Yaya alikuwa amenisikiliza vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyekatiza maelezo njiani, nisimwambie chembe zile zinatolewa na nani.

Nilimpigia simu daktari wa Bukavu, akasema tumrudishe kwenye vidonge siku ileile. Kisha nikavuta kiti.

"Mawese kidogo kwenye mboga ya sombe ni chakula kizuri," nilimwambia, "lakini vikombe viwili vinamharisha hata mutu asiye mugonjwa. Sasa usahau jembe. Ukumbuke kiangazi, wanaume wakiwasha nyasi ili simbiliki, wale panya wakubwa wa porini, watoke wawawinde."

Askari wa mwili ndio wale wawindaji. Kazi yao ni kufukuza vijidudu, na silaha yao ni moto. Zile chembe kali wanazitoa wao wenyewe. Kwa mtu mwenye afya, mnyama akishakimbia, moto unazimwa na watu wanarudi nyumbani. Katika kolite wawindaji hawaondoki. Moto unavuka nyasi, unaunguza shamba la mihogo, yaani ukuta wa utumbo. Moshi unaita wawindaji wengine, nao wanakuja na moto wao.

"Kumbe ni watu wangu wenyewe wananichoma!"

"Ndiyo. Na nani aliwaita mara ya kwanza, hata daktari hajui vizuri. Vidonge vinawatuliza, na tena vinazima cheche kadhaa. Lakini ukiviacha, wanawasha upya."

Alijifuta mawese midomoni. "Miaka yote ile ya masomo," akasema, "ukashindwa kuanza na simbiliki?"

Alimeza vidonge bila kuruka hata siku moja. Damu ilikoma, vitenge vikaanza kumkaa. Tulipoondoka hatimaye, mimi nikiwa nyuma kwenye pikipiki ya pili, nilikuwa nimemwonya dereva wake kwamba mama huyu anaweza kuomba kusimama mara nyingi. Yule bwana alikuwa na moyo mwema kupita kiasi.

"Mama, hapa iko kichaka kizuri."

"Kichaka hicho uingie wewe, baba. Twende!"

Saa sita dereva akaingia kweli, na alasiri tena, huku yaya akimpigia makofi kutoka barabarani.

Tulifika Kabambare tumejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Yaya alinawa mikono, akaketi kwenye mkeka, akanyoosha mikono yote miwili. Mtoto, ambaye tayari alikuwa ameanza kukaza shingo, alimtazama kwa makini, akatulia, kisha akamkojolea kwenye kitenge kipya.

"Unaona?" yaya akaniita, machozi ya kicheko yakimchora mistari kwenye vumbi la mashavu. "Safari nzima, walioshindwa kujizuia ni dereva na huyu tu!"