Gari la Mkononi

Juzi niliona bango mtaani Ngarenaro: "Gari la mkononi linauzwa." Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nilipokuwa mdogo, baba alifuata gari la mkononi Kenya. Simu ya mkononi niliijua, inaenea kiganjani. Basi na gari litaenea, na la nani kama si langu? Nikaliandalia boksi la viatu lililonuka ngozi, nikawaahidi watoto wa jirani kwamba watalishika kwa zamu.

Alasiri honi ikalia nje. Baba akashuka kwenye pikapu kuukuu, imejaa vumbi la mpakani Namanga.

"Shikamoo baba. Gari liko wapi?"

"Marahaba. Si hili hapa! Mwenyewe wa kwanza kalitumia miaka michache tu."

Nikaangua kilio. Mama akawageukia majirani, kifua mbele: "Mnaona? Hadi mtoto analia kwa furaha."