Utepe wa Kahawia

Adui yangu wiki zile alikuwa kipande cha uvimbe kutoka kwenye titi la mama mmoja wa Nansio, chembamba kuliko karatasi, kimebandikwa kwenye kioo. Kazi yangu maabara ilikuwa kukipaka kingamwili inayotafuta vipokezi vya homoni ndani ya viini vya seli. Ikivikuta, viini vinageuka kahawia, na mgonjwa anaweza kutibiwa kwa vidonge vya kumeza nyumbani kwake Ukerewe. Isipovikuta, vidonge havimfai, zinabaki dripu za kupukutisha nywele, na kila dripu ni kuvuka ziwa kuja Mwanza. Yule mama alikuwa anasubiri jibu hilo tu.

Mimi nikawa nampa bluu, rangi ya viini ambamo kingamwili haikukuta kitu. Kila slaidi ilitoka bluu tupu katikati, na pembeni utepe mwembamba wa kahawia, kama chapati iliyoungua ukingoni.

Mtu aliyesoma kama mimi hakosi wa kumlaumu. Nikaanza na umeme: friji ilizimika, kingamwili imekufa. Lakini kipande cha kulinganishia, ambacho tunajua lazima kigeuke kahawia, kiligeuka vizuri sana kwenye kioo hichohicho. Nikahamia kwenye sufuria ya presha tunayochemshia slaidi ili kingamwili ipenye. Nikachemsha zaidi, vipande vikabanduka na kuelea kama utando wa maziwa. Nikachemsha kidogo; bluu. Nikabadilisha maji, bluu.

Ule utepe ndio ulioniudhi kuliko vyote; bila huo ningeandika kwamba vipokezi hamna, yakaisha. Tulifundishwa chuoni kwamba kipande kikikauka pembeni, rangi hung'ang'ania hapo bila maana yoyote. Basi nikatangaza vita na ukavu. Nikatandika taulo mbichi ndani ya boksi la slaidi, nikalifunika kwa nailoni, nikaweka na bakuli la maji ya moto. Mwenzangu wa maabara, mama wa Kihaya ambaye hajawahi kunionea huruma, akachungulia.

"Mzee, hizo slaidi unazipaka rangi au unazilea?"

"Nazuia zisikauke."

"Humo hata sangara angeishi."

Utepe ukatoka uleule. Nilikuwa bado nanuna pale mume wa yule mgonjwa wa Nansio, fundi cherehani, alipoingia. Alikuwa amevuka tena kufuata jibu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Bado halijatoka."

Akakaa kwenye benchi bila kuambiwa. "Kwani nyama imeharibika? Maana mimi niliileta vizuri. Niliipakata mwenyewe kwenye feri."

Hilo halikunishangaza. Kwetu ndugu wa mgonjwa ndiye msafirishaji. Nimepokea makopo yaliyofungwa kwenye khanga na yaliyokaa kapu moja na dagaa.

"Shida ilikuwa harufu tu," akaendelea. "Abiria wakapiga kelele, macho yanawawasha. Mmoja akasema niitupe ziwani. Sasa nitupe titi la mke wangu? Nikamwaga ile dawa."

"Uliimwaga?"

"Si yote, daktari! Nilibakiza ya kulowesha. Ililowa vizuri tu, nje nje."

Nje nje. Nilitaka kumgombeza, nikakumbuka kopo lenyewe. Kwenye kopo palikuwa na jina la mgonjwa, hapakuwa na onyo. Formalini, ile dawa aliyoimwaga, huifanyia nyama kile chumvi inachomfanyia samaki: isipofika, panaoza. Sisi tulipolipokea lile kopo tulijaza dawa mpya, lakini katikati pa uvimbe palishaharibika.

Nikamwacha benchi, nikarudi kwenye darubini na kuweka lenzi kubwa juu ya utepe. Rangi ya kukauka huchafua kila kitu. Hii ilikuwa imekaa ndani ya viini tu, kimoja kimoja, safi kama punje za ulezi. Sehemu pekee ya slaidi iliyosema kweli ndiyo niliyokuwa nahangaika kuifuta kwa taulo.

"Lile kopo la Nansio liko wapi?" nikamuuliza mwenzangu.

"Rafu ya vitu vya kutupwa."

"Limetupwa?"

"Ungechelewa kidogo, lingetupwa. Kuna nini?"

Lilikuwepo. Safari hii nikakata kwenye ngozi ya nje ya uvimbe, pale dawa ilipofika, na kumwambia fundi alale mjini. Kesho yake alasiri nikatoa slaidi kwenye boksi lisilo na taulo wala bakuli. Viini vilikuwa vya kahawia kila nilipotazama, pembeni na katikati.

Fundi alisimama nilipomwita.

"Daktari wake ndiye atakayepanga dawa," nikamwambia, "ila vidonge vinaweza kumfaa."

"Vya kumeza nyumbani?"

"Vya kumeza nyumbani."

Akavua kofia, akaivaa tena, akakunja karatasi ya majibu na kuitia kwenye mfuko wa shati. Alipofika mlangoni akageuka.

"Sasa daktari, samahani. Siku zote hizi mlikuwa mnafanya nini?"

Mwenzangu akanitazama, akingoja kwa hamu.

"Tulikuwa tunazuia zisikauke," nikasema.