Mwaka Niliokata Matete

Juzi mvua ya mawe ilinipiga tena. Nasema ilinipiga mimi, ingawa nilikuwa ndani nimeshika kikombe cha chai, kwa sababu mtu aliyelima chochote nje akisikia mawe yakianguka hawezi kusema yanapiga mabati tu. Hapa Gikondo, mjini Kigali, nimepanga nyumba nyuma ya gereji. Kati ya ukuta wa gereji na mlango wangu kulikuwa na kipande cha ardhi kilichojaa matairi mabovu. Niliyaondoa, nikapanda mchicha, vitunguu, nyanya na mistari miwili ya maharage. Kwa muda usiofika robo saa, mawe yaliponda kila kitu. Yalipokoma nilitoka, miguu ikizama kwenye barafu, na fundi mmoja wa gereji, Mtanzania asiyejua kunyamaza, akachungulia juu ya ukuta.

"Mama, pole sana. Lakini si kachumbari hiyo tayari? Lete chumvi tu."

"Njoo uile hapo hapo chini, kwa magoti," nikamwambia.

Tukacheka. Kisha nikainama kuona kama kuna shina lililopona, na harufu ikanijia: majani ya maharage yaliyopasuliwa, udongo baridi, maji yenye ladha ya chuma. Pale pale nikawa na miaka kumi na mitatu.

Kilima chetu kiko kaskazini, safari ya saa mbili kwa basi kutoka kituo cha Nyabugogo, na saa nyingine kwa miguu. Mama alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi na Kiswahili chake na kutulea nacho. Ndiyo maana nakusimulia kwa lugha hii, ingawa majira ya mwaka siwezi kuyataja ila kwa majina ya kilimani. Umuhindo ni mvua za kuanzia Septemba, wakati wa kupanda. Urugaryi ni jua fupi la baada ya mwaka mpya, la kuvunia. Itumba ni mvua za Machi mpaka Mei, zinazong'oa madaraja. Na icyi ni kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, na mabonde peke yake ndiyo yanayobaki na unyevu. Watu wa mjini husema mvua na jua. Sisi tulijua kila moja ya hizo nne kama unavyojua tabia ya mzazi mkali.

Itumba ndiyo iliyotufanya yatima. Tulikuwa shuleni, mimi, mdogo wangu wa kiume wa miaka tisa, na mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa ameanza darasa la kwanza. Tulisikia mngurumo, mwalimu akasema ni lori. Tuliporudi, ukingo wa kilima ulikuwa umeporomoka nyuma ya nyumba na kulifunika jiko. Nyumba ilisimama. Baba na mama walikuwa jikoni wakiota moto, wakingoja mvua ipungue. Wanaume walichimba kwa majembe yaliyokuwa karibu, na karibu yalikuwa majembe yetu. Niliona jembe la mama likimtafuta mama.

Baada ya matanga, baba mkubwa alisimama uani kutugawa. Alikuwa kaka yake baba, mrefu, mkono wake mwepesi. Nyumba yake ilikuwa hatua chache chini ya yetu.

"Mvulana atakuja kuchunga ng'ombe wangu. Huyu mdogo ataenda kwa shangazi yenu. Na wewe msichana umeshakuwa mtu mzima. Kigali wanatafuta wasichana wa kazi."

"Hatuendi popote," nikasema.

Kofi lilinifikia kabla sijafunga mdomo. Niliona nyota, lakini sikuondoka nilipokuwa nimesimama.

"Mtakula nini?"

"Tutalima."

Aliwatazama watu waliokuwepo, akaona wanangoja jibu lake. Ninaamini alidhani ni mzaha. "Haya, limeni. Mpaka maharage ya umuhindo yaingie ndani. Lakini siku mmoja wenu atakapokuja mlangoni kwangu kuomba chakula, siku hiyo hiyo nawagawa."

"Tumesikia sote," akasema jirani yetu. Alikuwa mjane aliyeishi kwa guca inshuro, kukata inshuro, yaani kulimia watu mashamba yao kwa chakula cha siku. Mkuu wa mudugudu, yaani wa kijiji chetu, naye alikuwepo, akatikisa kichwa kukubali.

Hivyo ndivyo nilivyoacha shule. Mwalimu alikuja mara mbili kunichukua. Mara ya tatu alinipa mbegu za kabichi zilizofungwa kwenye karatasi ya mtihani, akaenda zake.

Nikuambie ukweli, rafiki yangu: nilipenda kazi ile. Sijui kama unalijua pigo la jembe kwenye ardhi ya kiangazi, linavyopanda mkononi mpaka kwenye meno. Nilikuwa na hasira na kilima, na hapa palikuwa mahali pa kukipiga bila kukatazwa na mtu. Kiangazi chote tuliupasua udongo wa bondeni, tukachimba mifereji, tukapanda viazi vitamu juu ya matuta. Tuliwakanyaga panya, tuliponda viwavi kwa mawe mawili. Jioni mikono yangu ilitoka damu, na sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule. Jirani alinionyesha namna ya kuchanganya mbegu za maharage na majivu ili wadudu wasizitoboe. Akaniambia pia nisipande kwa mvua ya kwanza ya umuhindo, kwa sababu huja, hudanganya na kuondoka. Ningoje ile inayopiga siku tatu.

Lakini niliwapiga wadogo zangu pia. Mdogo wa mwisho kidogo, kwa kiganja. Yule wa kiume kwa fimbo. Akichelewa kuamka, fimbo. Akikaa chini kabla mstari haujaisha, fimbo. Nilijiambia kwamba ninampiga ili asipelekwe kuchunga ng'ombe wa mtu. Alikuwa na mgongo mdogo, na mifupa ilionekana.

Maharage yetu yalikuwa ya kutambaa, yale yanayopanda juu kuliko kichwa cha mtu mzima. Kila shina linataka ufito wake. Mwezi wa kumi mimea ilianza kurusha mikono hewani ikitafuta pa kushika, na fito zetu hazikutosha hata robo ya shamba. Miti haikuwepo. Kilichokuwepo ni matete, marefu, yaliyonyooka, yamesimama safu safu kando ya kingamaji, yale matuta yaliyochimbwa kukatiza mteremko ili mvua isibebe udongo. Baba alikuwa akiyakata machache machache, usawa wa goti, safu moja mwaka huu, nyingine mwaka ujao. Nililijua hilo. Lakini nilikuwa na haraka, na ufito mrefu ni mzuri kuliko mfupi.

"Kata chini kabisa," nilimwambia mdogo wangu. "Safu zote."

"Dada, baba alikuwa anaacha..."

"Baba yuko wapi?"

Akakata. Alitumia mundu siku mbili, na pale mundu ulipogoma aling'oa kwa mikono, mizizi na udongo wake. Shamba lilipendeza! Fito zilisimama kama jeshi, maharage yakapanda, yakatoa maua meupe na ya zambarau. Watu waliopita njiani walisimama kutazama. Baba mkubwa naye alisimama.

Mwezi wa kumi na moja, mchana, mbingu iligeuka rangi ya jeraha. Kwanza ilikuja mvua ya mawe, ikapasua majani na kuvunja fito. Kisha ikaja mvua yenyewe. Tulikuwa tumesimama mlangoni tulipoliona tuta la juu likitokwa maji mahali pamoja, kama mdomo unaotema, halafu likaachia lote. Shamba la juu lilianguka juu ya shamba la chini. Fito, maua, maganda yaliyokuwa yameanza kujaa, vyote viliteremka pamoja na udongo mwekundu na kupita mbele yetu. Mdogo wa mwisho alipiga kelele akidhani nyumba inafuata. Nusu ya bustani iliondoka wakati tunatazama.

Mvua ilipokoma, nilichukua ufito uliovunjika nikampiga mdogo wangu wa kiume. Nilimpiga kwa kung'oa mizizi. Nilimpiga kwa kutii. Alianguka kwenye matope, nikaendelea, mpaka ufito ukakatika mara ya pili. Hakulia. Alisimama, akafuta pua, akateremka kwenda kwa baba mkubwa. Hakurudi kulala.

Kesho yake alasiri baba mkubwa alipanda na mkuu wa mudugudu, mdogo wangu yuko nyuma yao. Jirani aliwaona, akaacha jembe lake akawafuata.

"Huyu amekula kwangu," baba mkubwa akasema. "Sahani mbili za viazi, mke wangu ni shahidi. Maneno yalikuwa maneno. Wewe msichana, funga nguo za mtoto mdogo."

Alimshika mdogo wa mwisho mkono. Sikufikiri. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta, nikalishika kwa mikono miwili nikalizungusha kwenye miguu yake. Lilimpata kwenye muundi, nikausikia mfupa ukilia. Alinguruma, akaninyang'anya jembe, akanibwaga chini na kuweka goti kifuani pangu. Jirani alimrukia mgongoni, mama wa watu, mwembamba kama ufagio.

"Muue basi!" akapiga kelele. "Muue tuone utamgawa nani!"

Hapo ndipo mdogo wangu wa kiume aliposema, kwa sauti ndogo, "Sikuomba."

Wote wakamgeukia.

"Jana usiku walinipa chakula, nikakataa. Asubuhi baba mkubwa akaniambia kwake hakuna anayekula bure, akanipa jembe. Nimelima mpaka jua lilipokuwa juu ya kichwa. Ndipo nikala." Akafungua viganja. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, nyama nyekundu inaonekana.

Mkuu wa mudugudu aliinama kuvitazama. "Ulimpa jembe?"

"Nilimpa! Ni mtoto wa nyumbani, hawezi kulima?"

"Kabla ya chakula au baada?"

Baba mkubwa alitazama mguu wake uliokuwa unatoka damu.

Jirani akacheka, bado ameshikilia koti la baba mkubwa. "Basi huyo alikata inshuro. Mimi hapa naishi hivyo mwaka wa nane. Nani ataniita ombaomba? Wewe?"

Kilimani unaweza kumdhulumu mtu mengi, lakini aliyekwisha kulima, chakula alichokula ni chake. Baba mkubwa alijua kwamba amefungwa na mdomo wake mwenyewe. Alimgeukia mdogo wangu akampiga kofi moja la nguvu zote, mdomo ukapasuka, kisha akateremka akichechemea. Hakuzungumza nasi tena mpaka tulipokuwa watu wazima.

Tulivuna nusu iliyobaki. Maharage yaliingia ndani, tukabaki watatu, na tukaendelea kubaki watatu miaka yote iliyofuata, kwa fito fupi na matete yaliyopandwa upya.

Leo ukienda kule hutaona bustani. Upande wetu wote wa kilima ulitangazwa kuwa wa hatari, watu wakahamishiwa nyumba za chini karibu na barabara, na pale pakapandwa miti. Jirani amefariki. Kingamaji zimefunikwa na majani makavu, huwezi kujua nani alilima wapi wala nani alimpiga nani. Mdogo wetu wa mwisho ni muuguzi. Yule wa kiume ana kazi kwenye ghala moja huku huku Gikondo, anaishi Remera, ana mke na watoto, na kila Jumapili anakuja kwangu.

Hajawahi kuitaja siku ile. Nami sijawahi. Lakini miaka yote hii, hajawahi kufika kwangu akakaa mezani moja kwa moja. Kwanza atachota maji, au atagonga msumari mahali, au ataosha masufuria ambayo ni safi. Mke wake hudhani ni adabu.

Jumapili baada ya mawe alikuja, akaiona bustani, akavua shati la kanisani. Nilipakua wali na maharage, nikatoka mlangoni na sahani yake mkononi. Alikuwa ameshafika katikati ya mstari wa kwanza, mgongo wake mpana umeloa jasho.

"Njoo ule, chakula kinapoa."

"Namalizia hapa tu, dada."

"Hapa kwangu unakula bure," nikamwambia.

Alicheka bila kuinua uso, akaendelea kulima.