Mwezi wa Kopo la Biskuti

Sikuuona mwezi. Naandika maneno haya mawili nikiwa mtu mzima, nina shahada, nina miwani na magoti yanayolalamika nikipanda ngazi, na bado kalamu inasita kama mtoto anayetumwa gizani.

Kwa miaka mingi nimekuwa mtu aliyeuona. Kwenye harusi za ukoo nilitambulishwa hivyo kabla ya kutajwa kazi yangu: "Huyu ndiye aliyeuona mwezi alipokuwa mdogo, mji mzima haujauona." Nami niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao ukiutazama vizuri ulikuwa majivuno. Nilipokuwa chuo kikuu nilimsimulia mwenzangu wa chumba, mwanafunzi wa fizikia, na nikaongezea nyota pembeni yake, maana mwezi peke yake niliuona mkavu. Akaniuliza nyota gani. Nikamwambia ilikuwa zamani.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nina umri wa miaka tisa. Tulikaa mtaa wa Malindi, karibu na bandari ya kisiwa chetu, katika nyumba nyembamba ya ghorofa. Chini ilikuwa duka la baba, fundi wa kanzu, na juu tuliishi sisi. Baba alidarizi shingo za kanzu kwa mkono, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kazi ambayo haiwezekani bila macho. Na macho yake yalikuwa yanakwisha. Jambo hili tulilijua watu watatu tu: yeye, mama na mimi. Nikitoka chuoni kusoma Kurani niliketi mkekani ubavuni mwake na kumtungia sindano, moja baada ya moja, nikizichomeka kwenye kipande cha sponji ili azikute tayari. Mteja akiuliza mtoto wa kike anafanya nini hapo, baba alijibu, "Namfundisha kazi." Mteja angeambiwa kweli, angekunja kitambaa chake akaenda kwa fundi mwengine, na sisi tungekula nini?

Ramadhani ile ndiyo niliyoazimia kufunga yote. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa mcha Mungu wa kutisha. Nilimkemea hata paka akinywa maji mchana. Wiki ya tatu ucha Mungu ulipungua. Ilipofika siku ya ishirini na tisa nilikuwa na dua moja tu, nayo ni kwamba isiwepo siku ya thelathini.

Baba aliomba kinyume chake. Duka lilikuwa limejaa kanzu za watu: hii haina mkono, ile haijatiwa kishada cha nyuzi, nyengine shingo haijaanza kudariziwa. Akipata siku moja zaidi, atazimaliza. Idi ikiwa kesho, ataaibika.

Jua lilipozama tulifungua kwa tende na maji, wanaume wakaenda msikitini, na wanawake na watoto tukapanda darini, kwenye paa bapa la nyumba, kutafuta mwezi. Madari ya mtaa wetu yalikaribiana hata unaweza kumpa jirani sahani ya sambusa bila kushuka. Wingu jembamba lilikuwa limelala juu ya bahari upande wa magharibi. Tulisimama tukikodoa macho, kimya, kila mtu na kiganja juu ya paji la uso.

"Haya, nani mwenye macho leo?" alisema bibi jirani wa dari la pili, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. "Atakayeuona kwanza nampa bakuli la halwa, peke yake!"

Sikumbuki kwamba niliamua. Nakumbuka kidole changu kikiwa juu, na sauti, ambayo hapana budi ilikuwa yangu, ikisema, "Ule! Ule pale!"

"Wapi?"

"Pale, juu ya bandari."

"Mie naona kunguru."

"Si hapo. Kando yake."

"Kando yake naona kunguru mwengine," alisema bibi jirani. "Jamani, huyu si ndiye juzi alimwona paka kavaa kiatu? Hebu muulizeni, na mwezi nao umevaa?"

Madari yote yakacheka. Binti zake wakaanza kuimba, "Paka na kiatu! Paka na kiatu!" Nami nikazidi kunyoosha kidole, maana mtu akishasema uongo mbele ya watu wengi hana tena pa kushukia.

Hapo ndipo baba alipotokeza kichwa kwenye tundu la ngazi. Siku ile alikuwa amesalia nyumbani kwa ajili ya kazi, akasali chini, na subana ilikuwa bado kidoleni, ile kofia ndogo ya chuma inayokinga ncha ya sindano.

"Kuna nini?"

"Binti yako kauona mwezi, fundi. Peke yake. Sisi wengine vipofu."

Baba akatazama magharibi. Nilijua anachokiona: mnara wa msikiti ulio karibu, kama moshi, na baada ya hapo hakuna kitu. Kisha akanitazama mimi, na kwa umbali ule aliniona vizuri.

"Naam," akasema. "Na mimi nimeuona."

Vigelegele vilipasuka darini kwetu, vikarukia dari la pili, vikaenda zao mtaani kama moto wa makuti. Mama alisogea karibu na baba, akasema kwa sauti ya chini ambayo mimi tu niliisikia:

"Weye? Weye uliyeitikia salamu ya kanzu iliyotundikwa?"

"Nyamaza, mke wangu."

Nadhani alidhani litakwisha pale. Alimwokoa mtoto na kicheko cha majirani, basi. Lakini neno la baba halikuwa neno la mtu wa kupita. Wanaume waliokuwa wanatoka msikitini walisikia vigelegele, wakauliza nani kauona, wakaambiwa fundi. Mara mlango ukagongwa.

"Fundi! Shuka, twende kwa Kadhi."

Kwetu mwezi haumilikiwi na aliyeuona. Lazima shahidi ende mbele ya Kadhi, aulizwe, akubaliwe, ndipo mizinga ipigwe na kisiwa kizima kijue kesho kunaliwa. Na shahidi akisema uongo, wanaokula ni watu wote, lakini mzigo ni wake. Nililijua hilo hata mimi. Tulifundishwa chuoni, na mwalimu wetu alilifundisha kwa fimbo mkononi.

Baba alinishika mkono tukatoka. Nyuma yetu kulikuwa na kundi la wanaume wenye furaha, mmoja ameshaanza takbiri. Katika vichochoro harufu ya iliki ilikuwa imeshaanza, maana wanawake hawangoji Kadhi. Kila mlango tuliopita kichwa kilichungulia: "Kweli?" Na nyuma yetu wakajibu: "Fundi kauona!"

Tulipofika penye kona, baba alipunguza mwendo, akainama kidogo kana kwamba ananirekebishia mtandio.

"Mwanangu, nikuulize. Ulikuwa umesimama, au umelala?"

Nilikuwa sijajiandaa kwa swali hilo. Mwezi pekee niliokuwa nao karibu ulikuwa kwenye kopo la biskuti ambalo tulitilia pini dukani, kopo la kutoka Ulaya lenye picha ya jangwa, ngamia, na mwezi mwembamba uliosimama wima kama mundu.

"Umesimama, baba."

"Umesimama."

"Naam. Wima."

Msomaji wa visiwani ameshacheka. Huku kwetu mwezi mchanga haujui kusimama. Unazaliwa umelala chali, pembe juu, kama kipande cha tikiti kilichoachwa mezani. Nilikuwa nimeishi chini yake miaka tisa bila kuutazama. Nilitazama makopo. Ugonjwa huo haujaniacha, na ninaogopa kwamba chuo kikuu kiliniongezea.

Tulipiga hatua chache. Kisha baba akauliza, kwa upole kabisa, "Kopo la pini umelifunika?"

"Nimelifunika."

"Vyema."

Nikajua kwamba anajua. Nilingoja mkono wake ukaze, au uniachie. Haukufanya hivi wala vile. Subana ilikuwa baridi kwenye kiganja changu, na yeye akaendelea kutembea kama mtu anayekwenda kwenye maziko ya jamaa wa mbali.

"Baba, mie—"

"Sikiliza. Tukifika, usiseme kitu. Ukiulizwa, nitajibu mimi."

Nyumbani kwa Kadhi tulipanda ngazi mpaka ukumbi wa juu, viatu vimejaa mlangoni. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi karibu na meza ndogo yenye simu nyeusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kitu cha kuonea haya. Walikuwa wameshapigiwa kutoka Makunduchi: mawingu matupu.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba, fundi. Karibu." Alitabasamu. "Angekuja mtu mwengine, ningemhoji mpaka isha. Lakini weye una kanzu za watu hazijesha. Mji huu hapana mtu asiyeitaka Sikukuu kesho kama weye. Hata yangu iko kwako."

"Haina mkono mmoja, sheikh."

Watu wakacheka, na Kadhi akacheka nao. Kisha uso wake ukatulia. "Haya. Umeuona mwezi?"

Nimekaa katika vyumba vingi vya mitihani tangu siku ile, upande wa kuulizwa na upande wa kuuliza. Sijapata kusikia swali zito kama lile. Angesema naam, kisiwa kingekula siku ya Ramadhani kwa ajili ya kopo la biskuti. Angemtaja binti yake, ningelala muongo na kuamka muongo mpaka siku ya kuolewa, kama kweli angepatikana wa kumuoa paka na kiatu.

"Sheikh," akasema baba, "sikuuona."

Minong'ono ikapita.

"Darini nilisema nimeuona. Nimekosea. Macho yangu yamekwisha. Mwaka huu wote sindano natungiwa na huyu mtoto. Nilimwambia ule pale, naye akafuata kauli ya baba yake. Mtoto afanyeje? Nilichokiona sikijui. Labda kunguru."

Huo ulikuwa uongo wake wa pili siku ile, na ninavyojua mimi, wa mwisho katika maisha yake. Mara zote mbili aliusema kwa ajili yangu. Waliotufuata wote walitoka msikitini. Hakuna aliyekuwapo darini wa kumsahihisha.

"Ndo maana!" sauti moja ikatoka nyuma. "Ndo maana kanzu yangu mkono mmoja unafika magotini!"

Kicheko kikajaa ukumbini. Mwengine akasema bora ashonewe na mtoto huyo, angalau anaiona sindano. Baba alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino mbele ya wageni. Alisimama wima, mikono mbele, subana kidoleni, na mimi nikayatazama mabega yake kwa chini, mabega yaliyokuwa yamekwisha kuinama juu ya shingo za kanzu za watu hawa hawa. Siri aliyoificha mwaka mzima ili tule, alikuwa ameitoa hadharani kama mtu anayetoa leso mfukoni ampanguse mtoto pua.

Nikafungua mdomo. Ningependa kuandika kwamba nilitaka kusema kweli. Labda nilitaka kulia tu. "Sheikh," nilianza, na simu ikalia.

Kadhi aliondoa kitambaa na kushika mkono wa simu kwa mikono miwili. Wakati ule watu walizungumza na simu kwa nguvu, kana kwamba waya umelala usingizi. Huko shamba simu ilikuwa kwa mudiri, mkuu wa wilaya.

"Naam! Naam! Nani? Mkokotoni! ... Ewallah, mudiri, nakusikia! ... Wangapi? ... Kutoka kisiwani Tumbatu? Wameshuka mashua sasa hivi?" Akatuinulia kiganja tukae kimya, ingawa hakuna aliyekuwa akipumua. "Mpe simu mmoja wao. ... Waalaikumu salaam! Umeuona kwa macho yako? Upande gani? ... Umesimama au umelala? ... Umelala. Naam. Chali. Na mwenzako? Mpe. ..."

Alipoweka simu chini alikaa kidogo, midomo inasoma kitu. Kisha akasema, "Kesho Idi, inshallah," na ukumbi ukalipuka kwa takbiri, mtu mmoja akakimbia ngazi kupeleka habari kwa wapiga mizinga, na yule wa kanzu ya mkono mrefu akamkumbatia baba kana kwamba hakusema kitu.

Kadhi alimwita baba karibu. "Fundi, macho yako mazima. Ni moyo wako tu ulioingia shaka."

"Waliouona ni Watumbatu, sheikh," alisema baba.

Mzee akamtazama kwa muda ambao mpaka leo nauzungusha akilini. Kisha akaniinamia mimi, ndevu zake zinanukia udi.

"Na weye, bibi mdogo? Weye uliuonaje?"

Baba alikuwa ameshafumbua mdomo anijibie. Nilimtangulia.

"Ulikuwa umelala, sheikh. Chali."

"Mashaallah," alisema Kadhi.

Baba akapata kikohozi. Alikohoa mpaka akaletewa maji, na alipomaliza macho yake yalikuwa na machozi, ambayo wote waliyadhania kuwa ya kikohozi. Akanishika mkono.

"Twende," akasema. "Kuna kanzu za watu, na wa kutunga sindano ni weye."