Raundi Arobaini za Mama Chebet

Chekeni tu, hata mke wangu Wambui bado anacheka akiosha vyombo peke yake, kwa hivyo wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaa wetu wa Pioneer wanaoiongezea chumvi (ingawa, kusema ukweli, hii haihitaji chumvi).

Mama Chebet, jirani yetu anayetuuzia maziwa, alipatikana na saratani ya matiti. Kanisani tukakaa kupanga harambee ya matibabu, na kila mtu akawa anasema tukimbie mbio za kuchangisha pesa, kwa sababu hapa Eldoret hata paa la kanisa likivuja watu wanakimbia. Sasa mimi, mwalimu wa hesabu mwenye kitambi, nikikimbia na hawa watu hata akina mama wa miaka sitini wananiacha kwa kona ya kwanza. Nikainua mkono.

"Tufanye kitu tofauti," nikasema. "Mimi nitaogelea raundi arobaini, na kila raundi mtu atoe alichojaliwa."

Pasta akauliza, "Mwalimu, kwani unajua kuogelea?"

"Pasta, mimi nimelelewa kando ya bwawa kule kijijini Ziwa."

Huo haukuwa uongo. Nililelewa kando ya bwawa. Waliokuwa wanaingia ndani ni ng'ombe.

Nilikuwa na wiki tatu. Nikatazama video kwa simu, nikalala kifudifudi kitandani nikirusha mikono na miguu mpaka Wambui akahamia kwa kochi, na kufikia wiki ya mwisho nilikuwa, kwa maoni yangu, naogelea vizuri sana (shida ya kitanda ni kwamba hakizamishi mtu). Ningeweza kukiri, lakini picha yangu ilikuwa imeshazunguka magrupu yote ya kanisa, halafu Mama Chebet mwenyewe akaniletea lita mbili za maziwa bure, eti za nguvu. Sasa utarudishaje maziwa ya mgonjwa?

Jumamosi ikafika. Tulikuwa tumepewa bwawa la hoteli moja mjini, kwaya inaimba, Mama Chebet amekaa kiti cha mbele na sweta na kitambaa kichwani, na mimi nimesimama pale na kaptura ya kuazima, nikiomba maombi ya Pasta yasiishe. Yakaisha. Filimbi ikalia, nikajitupa.

Jamani, maji si godoro. Yaliniingia puani, mdomoni, masikioni, video yote ikanitoka kichwani, sikujua juu ni wapi na chini ni wapi, nikapiga nduru iliyowatoa wapishi jikoni na miiko mkononi: "Nisaidieni! Nakufa! Mwambieni Wambui nampenda!" (Wambui alikuwa hatua tatu kutoka hapo.)

Msichana anayelinda bwawa akaja ukingoni, na hata viatu hakuvua.

"Mwalimu, simama."

"Siwezi!"

"Simama tu."

Nikasimama. Maji yakanifika kifuani.

Nilitamani nizame kweli. Watu walikuwa wanaogopa kucheka, wanauma midomo, mpaka sauti ikatoka kiti cha mbele.

"Mwalimu," akasema Mama Chebet, "mimi ndiye mgonjwa na sijawahi kulia hivyo."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka kitambaa kikaanguka, na kwa mara ya kwanza tukaona kichwa chake hakina nywele hata moja, na wala hakushughulika kuokota kitambaa, alikuwa anajipangusa machozi tu. Hapo ndipo wote wakapasuka, Pasta akiwa wa kwanza. Nikaanza kupanda ngazi nitoroke.

"Unaenda wapi?" Mama Chebet akaniuliza. "Raundi zangu bado arobaini. Kama huwezi kuogelea, tembea."

Nikatembea. Upande wa maji mafupi, huku na huku, mikono kiunoni kama mtu anayekagua shamba la mahindi, Pasta akihesabu kwa sauti. Kufikia raundi ya kumi Wambui akaingia na gauni lake akanishika mkono, na nyuma yake nusu ya kwaya. Watu walitoa kuliko walivyoahidi, na nina hakika pesa nyingi zilikuwa za kicheko.

Mama Chebet amemaliza dawa zake na nywele zimeanza kurudi. Mimi nimejifunza moja: sitawahi tena kuahidi kwa mdomo kitu ambacho mwili haujaulizwa.