Kaa wa Bondeni Mbuya

Juzi, hapa Kampala, nilikuwa natoka Mbuya kwenda Kyambogo, nikateremka bondeni nikakuta maghala na mageti ya chuma. Nilisimama kidogo. Hapo, rafiki yangu, ndipo tulipokuwa tukivua kaa.

Baba alikuwa askari, nasi tulihamia Mbuya kutoka kaskazini mwa Uganda miaka michache baada ya vita. Kwetu hakuna aliyewahi kula kaa. Aliyetufundisha ni jirani, mama Mkongomani aliyeuza mandazi. Jumamosi alitushusha bondeni sisi watoto, matope baridi hadi magotini, mafunjo yakivuma juu ya vichwa vyetu. Tuliwavuta kaa kutoka mashimoni kwa uzi wenye kipande cha utumbo, naye akawapika kwa mawese na pilipili. Bibi yangu aliwaita wadudu, mpaka siku alipoonja mchuzi; tangu hapo ni yeye aliyetuamsha Jumamosi.

Mwaka mmoja tulikuta maji yanang'aa mafuta, kaa wamelala chali kando ya mfereji. Gereji mpya juu ya mteremko ilikuwa ikimwaga oili chafu humo. Jirani hakupiga kelele. Aliokota kaa waliokufa, akajaza karai, akapanda nalo kichwani, bibi nyuma yake, sisi tukifuata tukinuka matope. Akalitua miguuni pa mwenye gereji.

"Nyabo, mama yangu, oili ni kidogo tu," alisema yule bwana. "Mvua itabeba."

"Itabeba peleka wapi?" jirani akamuuliza. "Huko chini ndiyo jiko yetu."

Bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, akaongeza, "Wewe kula hii kwanza. Sisi nangoja." Akaketi chini, akanyoosha miguu.

Mafundi waliangua kicheko, na bosi wao naye akashindwa kujizuia. Kesho yake tuliona mapipa ya kukusanyia oili.

Kaa walirudi polepole, baada ya mvua nyingi. Siku sufuria ilipojaa tena, mwenye gereji alialikwa. Alikula kwa wasiwasi, kisha akaomba mchuzi zaidi, na bibi akacheka hadi machozi.

Tulipohama, bonde lilifukiwa kwa udongo, lori baada ya lori. Jirani alirudi Kongo. Bibi tulimzika kwao. Wanangu huniuliza kama kweli Kampala ilikuwa na kaa. Nawaambia walikuwa wengi, na walikuwa watamu.